Mdomo Usiopigiwa Kengele

Kijiko kilikuwa kinazunguka ndani ya kikombe. Kilizunguka taratibu, bila kugusa kingo, kama vile anayekoroga hataki kumwamsha mtu, na kila baada ya mizunguko mitatu au minne kilijisahau kikagonga, ting, kisha kikatulia kwa aibu. Nje kulikuwa bado giza. Bibi Somoe alilala macho wazi akisikiliza. Alijua ni mjukuu wake, Tumu, yuko jikoni anakoroga asali na tangawizi kwenye maji ya moto ili sauti ya bibi yake isikwaruze asubuhi hiyo. Alijua pia kwamba Tumu hakulala. Mtu aliyelala vizuri hakorogi namna ile.

"Nimekusikia, mke mwenzangu," alisema. "Hicho kikombe utakitoboa."

"Basi amka unywe, kabla sijayanywa mimi."

Tumu aliingia na kikombe mkono mmoja, koroboi mkono mwingine. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mdomo usiojua kutulia hata anapokula. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamtazama bibi yake akipuliza mvuke.

"Bibi, tangu usiku nimesema maneno mangapi?"

"Nitajuaje? Ulianza mimi nikiwa usingizini."

"Nimeyasema majina ya vitu vyote vya jikoni. Kinu, mchi, mbuzi ya nazi, upawa, ungo, chungu kizima, chungu kilichopasuka. Nimeyapitia mara mbili. Sikutaka hata kimoja kidhani nimekisusa nitakapokosa kukitaja huko nje."

Bibi Somoe alikunywa. Asali ilikuwa nyingi kuliko uwezo wa nyumba ile; mtoto alikuwa amekomba chupa mpaka chini. Hilo aliliona, hakulisema, akaliweka mahali anapoweka mambo ya aina hiyo.

Siku hiyo ilikuwa siku ya karatasi.

Mji wao haukuwa na jina, au ulikuwa nalo na waliolijua walikaa upande wa wanaume. Haukuwa na kalenda pia. Watu walihesabu umri wao kwa mikanda ya *Safari za Chombo*, tamthilia iliyotengenezwa zamani, mbali, na watu waliovaa nguo za kubana, wakisafiri kati ya nyota na kuwapelekea akili watu ambao hawakuomba. Mikanda ilikuwa sitini na sita. Kila alfajiri mji ulikusanyika ukumbini, ukaonyeshwa mmoja, na ulipoisha wa sitini na sita ulirudiwa wa kwanza, na watu wakasema mwaka umeanza. Mtu aliyezaliwa mkanda wa tisa aliolewa mkanda wa tisa, akazikwa mkanda wa tisa, na waliobaki walishindwa kuelewa ni lini kati ya siku hizo tatu alikuwa hai kweli. Sharti lilikuwa moja: mkanda ukishaanza hausimamishwi. Anayeusimamisha amesimamisha mwaka, na mimba zote za mji zitabaki tumboni. Hakuna aliyewahi kujaribu kuona kama ni kweli.

Sauti ya mikanda ilikuwa imelika kitambo. Zilibaki picha tupu, na midomo inayofunguka na kufumba. Kwa hiyo walikaa watu kando ya kitambaa cheupe, wakasema maneno kwa niaba ya picha. Kila mwanamume wa kwenye Chombo alikuwa na mwanamume wake wa kumsemea: Nahodha na wake, tabibu na wake, fundi wa mitambo na wake, hata mlinzi anayekufa dakika ya tano alikuwa na wake, na kazi hiyo ilirithiwa kwa heshima. Wanawake wote, wa Chombo na wa sayari zote, walisemewa na mwanamke mmoja. Ilitosha. Maneno yao yote ya mikanda sitini na sita yalienea kwenye karatasi moja, upande mmoja: sentensi kumi na yowe moja.

Na mwanamke huyo hakutakiwa kuichanganya sauti na mambo mengine. Mwanamume anayemsemea Nahodha alisema atakalo popote, kwa sababu Nahodha husema kila kitu. Bali mwanamke wa karatasi, akishavuka kizingiti cha nyumba yake, alisema yaliyomo kwenye karatasi, basi, mpaka siku ya kumkabidhi mwingine. Somoe aliipokea akiwa na umri wa Tumu. Leo Tumu alikuwa aipokee.

Ukimuuliza mtu wa mji ule kama hilo si ukatili, atakushangaa. Atakwambia Bibi Somoe hajawahi kupungukiwa na kitu. Na ni kweli alijifunza kuishi ndani ya sentensi kumi kama mtu anavyojifunza kuishi katika chumba chenye dari fupi. Sokoni, "Naogopa" ilikuwa nusu kilo ya dagaa. "Usiende" ilikuwa niwekee mpaka kesho. "Tutakufa sote?" ilikuwa habari za nyumbani. Alipofiwa na mumewe, watu walipokuja kumpa pole alisema "Hapana jibu, Nahodha," wakasikia imekaa mahali pake, wakasifu ufundi wake. Alipomzika mwanawe wa tatu alikuwa na "Usiende", sentensi ile ile ya dagaa. Akaisema. Muuza dagaa alikuwa amesimama pale kaburini, na yeye peke yake alilia kwa neno lenyewe.

Walitoka kabla hakujakucha. Bibi Somoe alivuka kizingiti kwa mguu wa kulia, akafunga mdomo kama mtu anayefunga mlango. Tumu alisema kwa niaba ya wote wawili: kwamba kuna umande, kwamba paka wa jirani amezaa, kwamba kama angekuwa na uwezo angeyaficha maneno yake chini ya mtungi ayakute siku atakapozeeka. Njiani walimkuta huyo muuza dagaa, Bi Mashavu, akielekea ukumbini na ufagio wake, maana ndiye aliyefagia pale kila siku na kwa hiyo aliruhusiwa kukaa karibu na kiti cha mbele, sakafuni.

"Somoe, umeamkaje?"

"Hapana jibu, Nahodha."

"Naona. Na miwani ya marehemu kaka yangu?"

Bibi Somoe akaitoa kwenye pindo la kanga, akaivaa kwa mara ya kwanza. Wiki iliyopita Bi Mashavu alikuwa amemletea ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya dagaa, akasema ajaribu tu, kama haimfai aiweke ndani ya sanduku. Kabla ya hapo Somoe aliona ukungu. Hilo halikumzuia kazi. Mtu wa karatasi hakuhitaji kutazama picha. Mtunza Mikanda ndiye aliyempigia kengele kila ulipofika wakati wa kusema, na mlio mmoja ulikuwa sentensi ya kwanza, milio miwili ya pili, na kuendelea. Sasa aliona majani. Aliona kwamba Bi Mashavu amezeeka.

"Kaka yangu alikuwa na kichwa kama boga," alisema Bi Mashavu. "Itakudondoka. Hebu njoo." Akachomoa uzi kwenye ncha ya kanga yake mwenyewe, akaifunga miwani nyuma ya kichwa cha mwenzake, akaulainisha uzi usimkate masikio. "Haya. Sasa hata ukiinama."

"Kahawa yako," alisema Bibi Somoe, na ilikuwa ndiyo asante yake, tangu zamani.

Mtunza Mikanda aliitwa Vuai. Alikuwa ndiye aliyemsemea Nahodha, na mwenye kengele, na mwenye funguo, na aliyeamua nani akae wapi. Alivaa kanzu nyeupe isiyo na kunyanzi. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Mji mzima uliogopa upole wake.

"Karibu, Sauti," alimwambia Bibi Somoe. Hakuwahi kumwita kwa jina. Kisha akamgeukia Tumu. "Binti, nasikia unasema sana."

"Nasema kiasi, babu."

"Utapumzika. Wengi hawaijui raha ya kupumzika."

Karatasi ilikuwa imelazwa kwenye sinia, imefunikwa kawa. Utaratibu ulijulikana: mkanda wa kwanza utaonyeshwa, Somoe atasema kwa mara ya mwisho, na ikifika picha ya mwisho, ile ya mwanamke wa Chombo anayesimama kwenye ubao wa taa akiwa peke yake, Tumu atashika karatasi, kengele italia mara moja, naye atasoma: *Njia iko wazi, Nahodha.* Akishaisoma, amefungwa.

Jenereta ikawashwa nje. Kitambaa kikaangaza. Na Bibi Somoe, aliyeuhudhuria mkanda ule mara mia mbili na kitu, akauona kwa mara ya kwanza.

Kwanza aliona magauni. Wanaume wa Chombo walikuwa na suruali na viatu vya kufika magotini. Wanawake walivaa magauni yanayoishia mapajani, huku nyuma yao dirishani kuna nyota na giza lisilo na moto wowote. Wanasikia baridi, alifikiri. Kilikuwa ndicho kitu cha kwanza alichofikiri, akakasirika kwamba hakuna mtu aliyewaletea hata shuka. Aliona yule anayeleta kahawa. Hakunywa yake. Kwa mikanda sitini na sita alikuwa hajanywa yake. Aliona jinsi wanavyopangwa pembeni mwa picha kama maua ya kupambia ukuta. Na kwa kuwa aliijua mikanda mingine yote kwa masikio, ilimjia yote kwa pamoja. Wale wa sayari ngeni, wanaofika hawajui kupenda, wanafundishwa, wanapenda, wanakufa, na Nahodha anasimama dirishani kuhuzunika kwa muda wa kumenya kitunguu kimoja. Ile sayari ya mkanda wa thelathini na moja, inayotawaliwa na wanawake wenye nywele zilizojengwa kama vichuguu, walioshindwa kuziba bomba linalovuja mpaka Nahodha akaja akaliziba, wakampigia magoti. Aliwasemea wote. "Kupenda ni nini?" aliuliza kwa niaba yao mara kumi na tisa kila mwaka, yeye aliyezaa watoto watano na kumwosha mume mgonjwa kwa mikono yake. Aliuliza vizuri. Watu walisema hakuna anayeuliza kijinga kwa utamu kama Bibi Somoe.

Kengele ikalia mara mbili.

"Ndiyo, Nahodha," akasema.

Kwenye kitambaa, Nahodha aligeuka, akaja mbele, uso wake ukajaa nusu ya picha, na Vuai akaanza kumsemea kwa sauti nzito, habari za ujasiri na za binadamu. Ukumbi mzima ulimtazama. Bibi Somoe, ambaye hakuzoea kutazama na kwa hiyo hakujua mahali panapotakiwa kutazamwa, alitazama nyuma ya bega la Nahodha. Pale, mdogo, amefifia, alikuwepo mwanamke wa ubao wa taa. Mdomo wake ulikuwa unaendelea.

Alivuta miwani, akaifuta kwa kanga, akairudisha. Mdomo uliendelea. Haukuwa unatafuna wala kupiga mwayo. Ulikuwa unasema, sentensi ndefu, yenye vituo, na mkono wake ulikuwa unaonyesha kitu kwenye ubao. Kengele haikulia. Nahodha akageuka kumtazama, na hapo hapo ikalia mara moja.

"Njia iko wazi, Nahodha," akasema Bibi Somoe, macho yake yakiwa bado kwenye mdomo ule.

Nahodha akageuka tena. Mdomo ukaendelea. Kengele ikanyamaza.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Aliyeitega kengele siku ya kwanza alikuwa anamtazama Nahodha. Nahodha alipomtazama mwanamke, naye alimtazama mwanamke. Nahodha alipogeuka, naye aligeuka. Waliofuata waliirithi kengele, hawakuirithi picha. Walijifunza milio kwa baba zao, wakiangalia mikono ya baba zao. Na Somoe alijifunza kwa kengele. Maisha yake yote ya nje ya kizingiti yalikatwa kwa kipimo cha shingo ya mtu mmoja iliyogeuka.

*Mtu asipotazamwa huenda wapi. Hilo ndilo ningeuliza, ningekuwa na sentensi ya kuulizia. Je, huendelea? Anasimama palepale na mdomo wake, anasema, anasema, na maneno yanaanguka sakafuni kama maganda. Nani anafagia? Mimi nilikuwa wapi nilipokuwa sisemi. Nilikuwa sokoni. Nilikuwa kaburini. Nilionyesha kwa mkono. Nilionyesha kwa mkono, na watu walisubiri kengele.*

Hapo sakafu ya ukumbi ikawa nyembamba. Bibi Somoe aliinuka, au hakuinuka, akapita kando ya bega kubwa la Nahodha kama mtu anavyopita kando ya kabati, akajikuta amesimama kwenye ubao wa taa. Taa zilikuwa vitako vya chupa vilivyopakwa rangi. Mlango wa Chombo ulikuwa mbao, na nyuma ya mlango palikuwa ukuta. Baridi ilikuwa ya kweli. Mwanamke wa ubao alikuwa na vipele vya baridi mapajani, na uso wa mtu aliyesimama muda mrefu kuliko miguu inavyoruhusu. Somoe alivua kanga yake ya juu, akamfunga kiunoni. Hakuuliza kwanza.

"Umechelewa," alisema yule mwanamke.

"Sikuwa na macho."

"Ulikuwa na sauti."

"Nilikuwa na karatasi. Unasema nini, mwanangu, wanapogeuka?"

"Nasema njia haiko wazi. Nasema tangu mkanda wa kwanza. Huko mbele kuna watu, na wanajibu, nawasikia kwenye hiki kidude sikioni. Wanaomba tusishuke kwao. Mimi ndiye niliyewekwa kusikia, na ndiyo niliyoyasikia."

"Na mimi nimesema..."

"Umesema njia iko wazi. Umesema hapana jibu. Kwa sauti nzuri."

Hakumlaumu. Hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Bibi Somoe alitaka kumshika mkono, lakini tayari alikuwa ameketi kwenye kiti chake kando ya kitambaa, mabega wazi, kanga ya juu hanayo, na Vuai alikuwa anaendelea kunguruma habari za kutua kwenye sayari mpya. Nyuma ya bega, mdomo ulifunguka.

"Njia haiko wazi," alisema Bibi Somoe.

Sauti ilitoka safi, kwa sababu ya asali. Watu walidhani amepitiwa. Mtu mmoja akacheka.

"Kuna watu wanajibu. Wanasema msishuke. Nimewaambia kila mara na hamgeuki." Mdomo uliendelea, naye akaendelea nao. "Na humu kuna baridi. Na huyu anayeleta kahawa ana jina, mwulizeni."

Vuai aliitikisa kengele. Hakuhesabu milio, aliitikisa tu, mfululizo, kuizima sauti yake. Alipochoka mkono akasema, kwa upole uleule, "Sauti, hayo hayamo kwenye karatasi."

"Mdomo wake umo kwenye picha."

"Bibi amepata miwani, amepata na wazimu," mwanamume mmoja alisema kutoka katikati.

"Miwani ya maiti hiyo. Anaona ya ahera."

"Atuachie tumtazame Nahodha. Tumeamka usiku kwa ajili yake, au kwa ajili ya bibi huyu?"

Wakacheka. Kisha ikaja sauti ya kike kutoka safu za nyuma, sauti ya mtu mzima, haikucheka. "Somoe, sisi tumekaa huku nyuma umri wetu wote tukanyamaza. Na hatukupewa hata hizo kumi zako. Una nini wewe cha zaidi?"

Hiyo ndiyo iliyomuuma. Aligeuka, akatafuta uso kwenye giza, hakuupata. "Sina," alijibu. "Nimechelewa, ndugu yangu. Nisamehe." Akarudi kwenye picha, kwa sababu mdomo ulikuwa umefunguka tena.

Vuai alitazama mashine ya kuonyeshea mikanda. Kila mtu alimwona akiitazama, na kila mtu alijua hawezi kuisimamisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha watoto habari za mimba zitakazobaki tumboni. Basi aliiweka kengele juu ya kiti, akainuka, akaenda kusimama mbele ya kitambaa, akiwa amenyoosha mikono, ili amfunike mwanamke wa ubao. Picha ikahamia kwenye kanzu yake. Kanzu ilikuwa nyeupe, haina kunyanzi. Mwanamke akaonekana kwenye tumbo la Vuai, mkubwa kuliko alivyowahi kuonekana, mdomo wake upana wa sahani, na Bibi Somoe akamsoma vizuri zaidi.

"Ninyi mnaonitazama sasa," alisema kwa niaba yake, "mimi sikuwahi kwenda popote."

Watoto wa mbele wakaanza kucheka. Vuai akainamisha kichwa aone wanacheka nini, na alipokuwa anajitazama tumbo, Nahodha kule juu ya bega lake alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena, akanyoosha kidole kwenye nyota. Hakuna sauti iliyotoka. Hakukuwa na mtu wa kumsemea. Ukumbi ulimtazama Nahodha akitapatapa kimya, kama samaki aliyetolewa majini, na kicheko kikaisha, maana hawakuwa wamewahi kuona jambo hilo na liliwatia hofu.

Vuai alitoka kwenye mwanga. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini sauti yake haikubadilika.

"Ulikuwa na sentensi kumi na yowe," alimwambia Bibi Somoe. "Mji ulikupa, ukaishi nazo, ukala, ukaheshimiwa. Kuanzia leo huna. Ukivuka kizingiti chako, huna neno. Hata la dagaa."

Bibi Somoe alifikiri. Alifikiri habari za sokoni, na za njia ndefu ya kwenda na kurudi, na za siku ambayo atakutana na mtu aliyefiwa na hatakuwa hata na "Usiende". Ilikuwa adhabu kubwa. Hakujidanganya kwamba ni ndogo.

"Nimesikia, Vuai," alisema.

Katika ukumbi ule hakuna mtu aliyewahi kulitamka jina hilo. Lilikuwa neno lake la mwisho la nje, na alilichagua mwenyewe.

Vuai akaliendea sinia, akafunua kawa, akachukua karatasi, akamwekea Tumu mkononi na kuvifunga vidole vya msichana juu yake. "Picha ya mwisho inakuja, binti. Hujafanya kosa lolote. Kengele ikilia, soma mstari wa kwanza. Bibi yako utamlisha wewe."

Tumu alisimama. Tangu mkanda uanze hakuwa amesema neno, yeye Tumu, na bibi yake aliliona hilo kuliko alivyoiona karatasi. Bibi Somoe alipeleka mikono nyuma ya kichwa, akaufungua ule uzi wa kanga, akavua miwani, akamvalisha mjukuu wake. Akaufunga uzi taratibu, akaulainisha usimkate masikio.

Kwenye kitambaa Nahodha alikuwa ameondoka. Wanaume wote walikuwa wameondoka, wameshuka kwenye sayari ya wale waliowaomba wasishuke. Alibaki mwanamke wa ubao wa taa, peke yake, anatazama mbele, kiunoni amefungwa kanga ambayo hakuna aliyekumbuka kama ilikuwepo mwaka jana. Mdomo wake ukafunguka.

Vuai alinyoosha mkono kwenye kiti kuchukua kengele. Haikuwepo. Alitazama chini ya kiti, akatazama kwenye sinia. Ukutani, sakafuni, Bi Mashavu alikuwa ameketi kimya na ufagio wake, mkono mmoja umezama ndani ya kanga, umeshika kitu kwa nguvu kisipate kulia. Walitazamana. Hakuutoa mkono.

Tumu alitazama. Karatasi iliteremka pamoja na mkono wake mpaka ikagusa paja. Jenereta ilisikika ikipumua nje.

Na kutoka safu za nyuma, ile sauti ya mwanamke mtu mzima, ile ile iliyochukia, ikauliza, "Anasemaje?"

Tumu akautazama tena mdomo.

"Anasema amewaona," alisema. "Anasema mnaondoka sasa hivi, mwanga ukizimwa, kama kila siku, na yeye anabaki hapa. Anasema njooni tena kesho. Mkija, mmoja wenu akae upande wake."